Shinkolobwe: mashimo yalizibwa, nani anakagua kifuniko?

Maamuzi mengi juu ya migodi ya Haut-Katanga yanapitia Lubumbashi. Hapo ndipo penye makao makuu ya Gécamines na ofisi za serikali ya jimbo. Swali moja la zamani, hata hivyo, liko porini upande wa Likasi, kwenye barabara ambayo wakubwa hawaipiti kila siku: nani anakwenda kukagua zege, ambalo wakaaji wa Katanga wanaliita beto, lililoziba midomo ya mashimo ya Shinkolobwe?

Mgodi huo uligunduliwa mwaka 1915, na urani yake ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi duniani. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière du Haut-Katanga, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika udongo huo. Mwaka 1960, Kongo ilipokuwa inaingia katika uhuru, kazi ilisimamishwa. Njia za chini ziliachwa zijae maji, na midomo ya mashimo ikazibwa kwa beto. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilitaifishwa, na pamoja na shaba na viwanda, serikali ilirithi pia vile vifuniko.

Beto ile ilizuia watu wasiingie katika mashimo ya zamani. Haikuwazuia kuchimba pembeni. Katika miaka ya 1990 Gécamines ilidhoofika, mishahara ikakatika, na vijana wengi wakashika sururu na beleshi. Huko Shinkolobwe walifuata kobalti, si urani. Lakini udongo ni mmoja, na mtu aliyebeba mfuko wa kobalti mgongoni hakuwa na njia ya kujua ni kitu gani kingine alichokibeba.

Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kufunga eneo hilo. Tarehe 8 Julai mwaka huohuo, miezi zaidi ya mitano baada ya amri, udongo uliporomoka na kuua watu wanane. Baadaye askari waliondoa wakaaji, na mwisho wa mwaka wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakafika. Walionya juu ya hatari ya kuporomoka na juu ya mionzi.

Ukihesabu vizuri, Shinkolobwe ilifungwa mara mbili: kwa beto mwaka 1960, na kwa amri mwaka 2004. Watu wanane walikufa mahali palipofungwa mara zote mbili. Hapo ndipo lilipo somo. Kufunga mgodi si kazi ya siku moja inayomalizika kwa picha na hotuba. Ni kazi inayohitaji mtu wa kurudi, mwaka baada ya mwaka, na kuangalia.

Anaangalia nini? Kwanza, kama kifuniko bado kimekaa juu ya mwamba mgumu, au udongo uliokishikilia umekwisha kuliwa na maji. Mvua za Katanga, zinazoanza karibu na Novemba hadi Aprili, hazihitaji miaka mingi kufanya kazi hiyo. Pili, nyufa, na maji yanayotokea pale ambapo hayakuwepo. Tatu, ardhi ya pembeni: ikianza kubonyea, ni ishara kwamba chini kuna kitu kinachoanguka. Nne, mionzi, kwa chombo cha kupimia, hewani na katika maji ya vijito vinavyoshuka kuelekea vijijini. Mwisho, alama za sururu mpya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shinkolobwe, asiyeuona ufa atachimba makaburi.

Kuna wanaosema kwamba nchi yenye barabara mbovu na shule zisizo na madawati haina fedha za kukagua mashimo yaliyokufa. Hoja hiyo ina uzito, lakini hesabu yake si sahihi. Safari ya ukaguzi inahitaji gari, mhandisi, chombo cha kupima na siku chache. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha wanajiolojia na wahandisi wa migodi. Ujuzi haupaswi kutafutwa Ulaya. Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inalazimisha makampuni kuweka dhamana ya fedha kwa ajili ya kutengeneza mazingira. Kwa mashimo ya kale, yaliyozibwa kabla ya sheria hiyo, hakuna kampuni ya kudaiwa dhamana. Mwenye mali ni taifa, basi mwenye mzigo ni taifa.

Wengine wanasema kwamba hata ukikagua, wachimbaji watarudi tu. Ni kweli kwamba njaa haisomi kibao cha onyo. Juni 2019, karibu na Kolwezi, zaidi ya watu 35 walikufa pale udongo ulipoporomoka katika eneo la kampuni ya KCC, ambako wachimbaji wa mikono hawakuruhusiwa kuingia. Ndiyo sababu ukaguzi unapaswa kwenda pamoja na maeneo halali ya kuchimba ambayo sheria yenyewe imeyaahidi. Mkaguzi anayekuta shimo jipya kando ya beto amekuta pia habari ya kijana asiye na kazi. Habari hiyo ifike kwa gavana kabla ya kufika kwa askari.

Yanayotakiwa ni machache. Serikali ya jimbo na Gécamines watoe orodha ya mashimo yote yaliyozibwa, na jina la ofisi inayojibu kwa kila moja. Ukaguzi ufanyike mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake. Matokeo yatangazwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, redioni na mbele ya machifu wa vijiji, kwa sababu mama anayechota maji kwenye kijito ana haki ya kujua kipimo kabla ya waziri.

Waliomwaga beto ile mwaka 1960 wengi wao hawapo tena. Urani iliyo chini yake itakuwepo bado wakati wajukuu wa wajukuu wanalima hapo juu. Kifuniko cha kitu kama hicho hakiwezi kuachwa bila mlinzi.