Historia ya Kungfu Itafutwe Katika Ushahidi

Ni michache michezo ya kigeni iliyowavutia vijana wetu kama kungfu. Tangu filamu za Hong Kong zilipoanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya mwambao huu katika miaka ya 1970, mchezo huo umeingia mitaani, na leo una walimu wake, wanafunzi wake na mavazi yake. Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa mji wa Dakar mwaka 2026, ambayo ni mashindano ya kwanza ya Olimpiki kupewa Afrika, imeuingiza mchezo huo katika orodha yake ya medali kwa jina lake rasmi la wushu. Hatuna ugomvi na hayo. Tunalo neno juu ya historia inayofundishwa pamoja na mateke.

Mwanafunzi husimuliwa kwamba kiasi cha miaka 1,500 iliyopita mtawa wa Kihindi, Bodhidharma, alifika katika hekalu la Shaolin, mkoani Henan, akawakuta watawa wamedhoofika kwa kukaa kitako wakitafakuri, akawafundisha mazoezi ambayo ndiyo yaliyozaa kungfu yote. Kisa hicho ni kitamu. Lakini Wachina wenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote, walikwisha kukipima na kukiona hakina miguu ya kusimamia.

Aliyefanya kazi kubwa zaidi alikuwa Tang Hao, mwanasheria aliyesoma Japani na ambaye mwenyewe aliucheza mchezo huo. Mwaka 1930 alichapisha kitabu juu ya Shaolin na Wudang ambamo aliyahoji masimulizi ya kale kama hakimu anavyowahoji mashahidi: nani amesema, lini, na alijuaje? Bodhidharma akaonekana hana uhusiano na ngumi. Zhang Sanfeng, mtawa wa Kitao anayedaiwa kuubuni mchezo wa taijiquan katika milima ya Wudang, naye akaonekana hivyo hivyo. Yasimuliwa kwamba walikuwapo walimu waliokasirika hata wakataka kumpiga mwandishi huyo. Hatushangai, kwani mtu aliyejengewa heshima yake juu ya babu wa kubuni huona babu akiguswa ameguswa yeye.

Wasomaji wetu waliokaa chuoni watakielewa upesi kisa cha kitabu kiitwacho Yijin Jing, yaani Kitabu cha Kubadili Misuli, ambacho ndicho nguzo ya hadithi ya Bodhidharma. Wanavyuoni wa Hadithi walitufundisha kwamba maneno hayapokelewi mpaka isnadi yake ichunguzwe, msimulizi mmoja baada ya mwingine. Sasa itazameni isnadi ya kitabu hiki. Dibaji yake inadai kuandikwa na jemadari Li Jing mwaka 628, naye anasema alikipokea kwa shujaa mmoja mwenye ndevu za kujikunja. Shujaa huyo hakuwahi kuzaliwa. Ni mtu wa hadithi ya kubuni iliyotungwa zama za nasaba ya Tang, baada ya jemadari huyo kufa. Ni sawa na mtu wa leo kusema kwamba hati ya shamba lake alikabidhiwa na Abunuwasi. Wachunguzi wanaona kitabu chenyewe ni cha karne ya 17, kiasi cha mwaka 1624, na tayari katika karne ya 18 mwanachuoni Ling Tingkan alikwisha kumcheka aliyekighushi kwa ujinga wake.

Je, basi Shaolin haina historia? Inayo, tena ya heshima kubwa, isipokuwa si ile ya sinema. Katika hekalu hilo lipo jiwe la maandishi la mwaka 728. Jiwe hilo lina barua ya mwaka 621 ya Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme mkubwa wa Tang, ikiwashukuru watawa kwa kumsaidia vitani dhidi ya Wang Shichong. Majina ya watawa 13 yamo. Juu ya mbinu walizopigania, jiwe limenyamaza kimya. Zaidi ya miaka 900 baadaye, katika miaka ya 1550, watawa wa Shaolin waliitwa kupambana na maharamia waliokuwa wakiushambulia mwambao wa Uchina, na silaha yao mashuhuri ilikuwa fimbo. Cheng Zongyou, aliyejifunza hekaluni kwa miaka zaidi ya kumi, aliandika kitabu kizima juu ya fimbo hiyo mwanzoni mwa karne ya 17, akaeleza kwamba ngumi za Shaolin zilikuwa bado hazijaenea nchini. Kwa hiyo mapigano ya mikono mitupu, ambayo kijana wetu hudhani ndiyo mwanzo wa mambo yote, huko Shaolin yalikuja kupata sifa nyuma ya fimbo.

Hata majemadari hawakuyatia chumvi mambo hayo. Qi Jiguang, aliyewashinda maharamia hao, aliweka mikao 32 ya ngumi katika kitabu chake cha mafunzo ya askari cha karne ya 16, huku akikiri waziwazi kwamba ngumi hazina faida kubwa katika vita vya majeshi. Alizitaka kwa kuunyoosha mwili na kumzoeza askari mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Tang Hao alikwenda katika kijiji cha Chenjiagou, akasoma kumbukumbu za ukoo wa Chen, akakuta mikao mingi ya taijiquan yao inafanana na ile ya jemadari. Hitimisho lake kwamba mwanzilishi ni Chen Wangting wa karne ya 17 lingali likibishaniwa, na ni vyema libishaniwe, maadamu wabishi wanaleta karatasi mezani.

Tunawaomba maofisa wa Serikali walitie maanani lililotokea Nanjing. Mwaka 1928 ilifunguliwa huko Taasisi Kuu ya Michezo ya Kitaifa ya Kujihami, chini ya uongozi wa Zhang Zhijiang, kwa nia njema ya kulijenga upya taifa lililokuwa likidharauliwa. Waliipanga katika idara mbili, ya Shaolin na ya Wudang, kwa kufuata ngano zile zile. Haukupita muda mrefu, idara zikahasimiana hata wakuu wake wakapigana wao kwa wao, na mgawanyo ukafutwa. Ngano ilikuwa imeingizwa katika utaratibu wa ofisi, na ofisi ikazaa ngumi za kweli.

Baada ya mwaka 1949 Serikali ya Uchina iliendelea kuupanga mchezo huo. Mwaka 1956 ilitolewa taijiquan fupi ya mikao 24 ili kila mwananchi aweze kujifunza. Kati ya mwaka 1983 na 1986 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa nchi nzima, vikaorodheshwa vikundi 129 vya mchezo huo. Nje ya Uchina nako kazi imefanyika. Meir Shahar alichapisha mwaka 2008 kitabu chake juu ya Shaolin, na Peter Lorge akafuata mwaka 2012 na historia ya mapigano ya Kichina tangu zama za kale. Tunavitaja kwa sababu maktaba zetu hazina budi kuwa navyo. Mwalimu wa klabu hana haki ya kulaumiwa kwa kufundisha alichokiona sinemani ikiwa hakuna kitabu kingine karibu naye.

Hapo ndipo tunapokuja kwetu. Tunacho kirumbizi, mchezo wa fimbo wenye ngoma na kanuni zake. Tunao Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo wanaume hupigana kwa migomba hadharani kisha wakapatana. Mambo haya yamekwisha kuandikwa na wageni wengi, na mengi waliyoyaandika ni ya kupendeza watalii. Tunapendekeza idara zinazohusika na utamaduni na michezo ziwatume vijana waliosoma wakakae na wazee wa Makunduchi, wa Pemba na kwingineko, si siku ya sherehe bali siku za kawaida, wakiwa na kinasa sauti na daftari. Waulize jina la kila aliyefundishwa, la aliyemfundisha, mwaka na mahali. Pale wazee wawili wanapotofautiana, yaandikwe maneno ya wote wawili, wala asitokee karani wa kuyasawazisha. Kisha nakala iwekwe katika Nyaraka za Taifa, na nyingine irudi kijijini.