Rumba na Isikilizwe kwa Kurudi Nyuma

Safu ya Utamaduni
Na Muhindo wa Kamango

Swali la iwapo mpenzi mpya wa muziki wa Kongo anapaswa kusikiliza nyimbo zilizorekodiwa kabla hajazaliwa limewagawa wazee na vijana wa Butembo, Beni na Kamango katika Kivu Kaskazini, kwa kuwa wazee hulijibu kwa amri, vijana hulijibu kwa kulipuuza, na swali lenyewe hubaki pale pale. Msimamo unaotetewa katika safu hii ni kwamba nyimbo za zamani zinapaswa kusikilizwa, tena kwa makini, ila njia inayofaa si ile ya kuanzia mwanzo na kushuka mwaka baada ya mwaka; njia inayofaa ni kuanzia kwenye wimbo ambao kijana anaupenda leo, kisha kurudi nyuma kwa kumfuata mwanamuziki mmoja hadi kwa yule aliyemlea.

Rumba ya Kongo ni muziki wa dansi uliokua katika miji miwili inayotazamana kando ya mto, Brazzaville na Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, pale midundo ya wenyeji ilipokutana na santuri za Kuba zilizoanza kuenea Afrika katika miaka ya 1930. Tangu Wendo Kolosoy arekodi "Marie-Louise" mwaka 1948, akiwa pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, muziki huo haujakatika, na mwezi Desemba 2021 UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi zisizoshikika za binadamu kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo. Kazi yenye umri wa zaidi ya miaka 70 humtisha mgeni, kama inavyomtisha mtu anayetaka kuingia katika mfululizo mrefu wa filamu asijue aanze na ipi. Hata hivyo mifululizo hiyo yenyewe inaonyesha kwamba hofu hiyo haina msingi, kwa sababu filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa sehemu ya nne ya kisa chake, na sehemu ya kwanza ya kisa hicho haikutoka hadi mwaka 1999. Watazamaji waliingilia katikati, wakaelewa, wakapenda, na ndipo wakatamani kujua yaliyotangulia.

Katika Kivu Kaskazini mlango wa kuingilia mara nyingi haupo hata Kinshasa, kwani vijana wanaoishi karibu na mpaka wa Uganda husikia Bongo Fleva ya Tanzania kila siku, na wengi wao walimfahamu Koffi Olomidé kupitia wimbo "Waah!" ambao Diamond Platnumz alimshirikisha mwaka 2020. Hakuna aibu yoyote katika kuingilia hapo. Koffi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1956, alikuwa na umri wa miaka 64 wimbo huo ulipotoka, na bendi yake ya Quartier Latin, aliyoiunda mwaka 1986, ndiyo iliyomkuza mwimbaji Fally Ipupa kuanzia mwaka 1999 hadi alipojitegemea kwa albamu ya "Droit Chemin" mwaka 2006. Kabla ya kuwa na bendi yake, Koffi alimtungia nyimbo Papa Wemba, mwanzilishi wa bendi ya Viva la Musica ya mwaka 1977. Papa Wemba naye alikuwa miongoni mwa vijana walioianzisha bendi ya Zaïko Langa Langa mwezi Desemba 1969. Kwa hiyo kijana aliyeanza na wimbo mmoja wa Kiswahili wa mwaka 2020 hufika mwaka 1969 kwa hatua tatu tu, na katika kila hatua anakutana na sauti ambayo alikwisha kuisikia ikimpitia mtu mwingine.

Faida ya safari hiyo huonekana wazi zaidi katika sebene, yaani ile sehemu ya pili ya wimbo wa Kikongo ambamo mashairi hupungua, mwendo huongezeka na magitaa huchukua uongozi. Msikilizaji mpya husikia mlio mmoja wa kasi unaomwinua kitini, lakini anayeisikiliza rekodi ya Zaïko ya miaka ya 1970, ambamo vyombo si vingi na kila kimoja kinajitokeza, hujifunza kutenganisha gitaa la solo linalocheza juu, gitaa la kusindikiza linalorudia mzunguko uleule, gitaa la mi-solo linalojaza nafasi kati ya hayo mawili, na besi inayosukuma miguu ya wachezaji. Zaïko waliviacha tarumbeta na saksafoni vilivyopamba bendi za wakongwe Franco na Tabu Ley, wakaisogeza mbele ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, na mpiga ngoma wao, Meridjo Belobi, akaupa ulimwengu mdundo uitwao cavacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi hiyohiyo ilimleta jukwaani atalaku, mtu ambaye kazi yake ni kupaza sauti na kutaja majina ya mitindo ya kucheza wakati wa sebene, huku akitikisa kayamba iliyotengenezwa kwa kopo la dawa ya kunyunyizia wadudu. Kelele zile ambazo kijana wa leo anaziona kuwa ndizo muziki wenyewe zina mwaka wa kuzaliwa na zina wazazi; anayewajua wazazi hao huusikia wimbo wa leo vizuri zaidi, na hiyo ndiyo sababu kuu ya kurudi nyuma.

Wapo wanaosema kwamba rekodi za zamani zina mikwaruzo, kwamba nyimbo zake ni ndefu, na kwamba Kilingala cha Kinshasa hakieleweki vyema kwa mtu aliyekulia katika Kinande na Kiswahili. Hoja hizi ni za kweli na hazistahili kudharauliwa, hasa pale ambapo kijana hununua intaneti kidogo kidogo na kila dakika ya kusikiliza ina gharama yake. Hata hivyo urefu wa nyimbo hizo mara nyingi ni urefu wa kisa: "Mario" ya Franco na bendi yake ya TPOK Jazz, iliyotoka mwaka 1985, inamsimulia na kumkemea kijana msomi anayekaa kwa mwanamke tajiri aliyemzidi umri na kuishi kwa fedha zake, na kisa hicho kinaweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa maneno machache na mtu yeyote mzima anayekijua Kilingala. Kizuizi cha lugha basi huondolewa na jirani, ilimradi jirani huyo awe tayari kufafanua badala ya kulaumu.

Hapo ndipo wazee wanapopaswa kuambiwa ukweli. Kumdharau kijana kwa sababu hamjui Grand Kallé, ambaye bendi yake ya African Jazz ilitoa "Indépendance Cha Cha" mwaka 1960, ni kumlaumu kwa urithi ambao hakuachiwa. Mwezi Julai 2013 shambulio dhidi ya Kamango liliwafanya maelfu kwa maelfu ya watu kuvuka mpaka hadi Bundibugyo nchini Uganda, na tangu mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yameendelea kuzihamisha familia kutoka kijiji hadi kijiji. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na godoro. Redio kubwa ya baba na sanduku la kanda hubaki nyuma, na pamoja navyo hubaki jioni ambazo mtoto angejifunza bila kufundishwa. Kwa kijana wa namna hiyo nyimbo za zamani ni haki yake iliyocheleweshwa, na haki haigeuzwi kuwa mtihani.

Kuna jambo jingine linalowahusu zaidi watu wa mashariki. Anayesikiliza nyimbo mpya peke yake huamini kwamba muziki wa Kongo ni wa Kinshasa na Kilingala tu, ilhali kumbukumbu za zamani zinaonyesha vingine. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya katika Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga "Masanga", huku kidole gumba na kidole cha shahada vikilifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, alihamia Dar es Salaam mwaka 1978, na akiwa na Super Matimila aliimba kwa Kiswahili juu ya umaskini, kifo na UKIMWI, hadi Watanzania wakamhesabu kuwa wao. Kijana wa Butembo anayewafahamu wawili hao hataona tena lugha yake kuwa mgeni katika muziki wa nchi yake.

Kinachohitajika basi si kikubwa. Redio za Butembo na Beni, ambazo huwafikia hata wasio na simu, zinaweza kuupanga wimbo mpya na wimbo mmoja wa zamani uliouzaa, na mtangazaji akaeleza kwa sentensi mbili uhusiano wao. Wazee wanaweza kutafsiri wanapoombwa. Na vijana, kila wanapojaza nyimbo kumi katika simu, wanaweza kuuweka mmoja wa mwalimu wa yule wanayempenda. Mpenzi mpya asiyefanya hivyo bado ni mpenzi wa kweli, na hakuna mwenye mamlaka ya kumfukuza. Lakini anajinyima nusu ya raha iliyomo katika wimbo ambao tayari ameuchagua mwenyewe, na hasara hiyo haimstahili.