Matusi Nyuma ya Simu

Katika vibanda vya PlayStation mitaani Kayole na Umoja, kijana anayemtukana mchezaji aghalabu hufukuzwa na mwenye kibanda mbele ya wenzake. Ajabu ni kwamba kijana huyo huyo, akitazama mchezo ukirushwa moja kwa moja mtandaoni, huandika maneno ambayo hangethubutu kuyatamka ana kwa ana. Msichana akiwa ndiye anayecheza, matusi huzidi. Je, amesahau kwamba Sylvia Gathoni, Mkenya mwenzetu, alisajiliwa na timu ya kimataifa ya Tekken mwaka wa 2018? Utani haudhuru, wala kukosoa. Lakini anayefichua siri za mchezo bila kuulizwa aonywe. Mwenye kuleta ukabila azuiwe papo hapo, hata akiwa rafiki.