Mgeni wa Harusi si Mtalii

Mwezi wa nane binamu yangu aliolewa. Bwana harusi ni wa Nyeri, na nusu ya ukoo wake ilishuka Miritini na SGR siku mbili kabla ya nikahi. Mimi nikapewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja wa "mahali pa kutembelea" wageni watumiwe kwenye simu. Tangu niache chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, nyumbani huitwa mwandishi pale tu kuna kazi isiyolipwa.

Nikaandika. Mpangaji wa harusi akanirudishia kikiwa kimebaki kiunzi: Fort Jesus, Haller Park, ufuo, maduka ya Nyali, picha kwenye Pembe za Ndovu. Alikata soko la Kongowea, akakata kengele ya Freretown, akakata viazi karai vya jioni. Kwa feri ya Likoni aliandika: "Hiyo si matembezi, hiyo ni shida."

Nilinyamaza, maana bajeti ilikuwa ya baba mdogo. Sasa pilau imelika na hema zimerudishwa, wacha niseme.

Sina ugomvi na Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ni pa kuonwa. Lakini mtu anaweza kuiona bila kuoa kwetu. Na hizo Pembe, manze! Ni alumini, zimebaki tangu ukoloni, na zilisimamishwa kuwaenzi wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Wakwe zetu wa Nyeri wana hadithi yao ya familia hiyo: Elizabeth alikuwa huko kwao Februari 1952 baba yake alipofariki akawa malkia. Kweli mtu asafiri usiku kucha kuja kuongezwa nyingine?

Mtalii amelipa ili aburudike. Mgeni wa harusi amekuja kwa sababu kuanzia Jumamosi sisi ni jamaa. Tukifiwa atapigiwa simu. Mtoto akizaliwa atataka kujua amechukua macho ya nani. Huyu ukimpa orodha ya hoteli, umempokea mlangoni ukamwacha hapo hapo.

Binamu yangu amekulia Likoni. Miaka minane ya shule alivuka feri asubuhi na kurudi jioni, bure, kwa sababu waenda kwa miguu hawalipi. Ukitaka kujua kwa nini hufika kila mahali nusu saa mapema, simama pale kivukoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone umati. Ukitaka kujua kwa nini shangazi yetu havuki bila dua, kumbuka feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Hayo ndiyo mpangaji aliita shida. Ni maisha ya bibi harusi, bana.

Au kengele. Wageni walilala Nyali, kwa hivyo kila walipokwenda kisiwani walipita Kengeleni. Pale, kuanzia miaka ya 1870, walikaa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kengele ilikuwa ya kuwaonya wateka watu wakija. Walipita mara sita. Hakuna aliyewaambia wageuze shingo.

Najua mtaniambia wazee wamechoka. Sawa, bibi mwenye magoti mabovu mwache ufuoni na dafu lake, ana haki. Mtaniambia usalama. Hapo ndipo ninapokataa. Kama mtaa ni salama kutoa mke, ni salama kunywewa chai. Na tuongee pesa pia: kwa siku nne wageni walitumia hela kwenye hoteli na maduka ya Nyali, ilhali mama aliyetukaangia mahamri mkesha mzima, nyumba ya tatu kutoka kwetu, hakuuzia hata mgeni mmoja kikombe cha chai. Orodha ile ilishaamua nani ana mji na nani ana mtaa tu.

Jumapili ami yake bwana harusi alinivuta kando. "Kijana, kwa kina bibi harusi hasa ni wapi? Nimeona ukumbi, sijaona nyumbani."

Tulikwenda wanne, kwa matatu, kisha kwa miguu tukateremka kivukoni. Mzee alishika reli muda wote. Katikati ya maji akauliza, "Huyu msichana alikuwa akivuka hapa kila siku?"

"Ndio, mzee. Na kurudi."

Hakusema kitu. Ng'ambo alinunua mahamri ya shilingi mia mbili na mbaazi, akakaa kwenye benchi ya yule mama karibu saa nzima akiulizia watu wetu kwa majina.

Kwa hivyo ukiombwa orodha, uwe Kisumu, Nakuru au Lamu, anza na nyumba aliyotoka bibi harusi na njia aliyopita kwenda shule. Andika nani anauza chai hapo karibu. Ngome ina miaka 400 na ushei. Itasubiri hadi alasiri.