SEHEMU YA 4: "Core i7" siyo jibu. Uliza kizazi

Leo nagombana na watu, mnisamehe mapema.

Kuna kauli moja inawamalizia vijana wetu hela kuanzia Kahama mpaka Katoro: "Chukua Core i7, hiyo ndo mashine." Ukiuliza i7 gani, unajibiwa "i7 ni i7." Siyo kweli. Anayekujibu hivyo ama hajui, ama anajua na anataka mzigo wake utoke.

Mimi ni nesi. Simchomi mtu sindano kwa kusoma jina la dawa tu. Nasoma miligramu, nasoma na tarehe ya kuisha. Prosesa nayo ina lebo, isome. Chukua i7-2600: namba ya kwanza baada ya kistari ni 2, yaani kizazi cha 2, imetoka 2011. Chukua i3-12100: namba zikiwa tano soma mbili za mwanzo, kizazi cha 12, imetoka 2022. Zote zina viini 4. Lakini hiyo i3 mnayoiita ya maskini inaiacha ile i7 mbali.

Mtoto wa dada yangu alishinda kwenye maduara Nyarugusu karibu mwaka mzima, anajinyima, anataka afungue stesheneri na kuhariri video za harusi. Akauziwa ubao na i7 ya kizazi cha 2 kwa bei ya kitu kipya. Nikamwambia basi tubadilishe prosesa tu. Fundi akacheka: soketi ile haipokei prosesa za sasa, na RAM ni DDR3. Prosesa, ubao, RAM, vyote vinatoka. Jasho la mwaka mzima!

Na huyo ni mchimbaji. Hanunui jiwe kwa sababu linang'aa. Anasaga, anaosha, anaona kwanza. Pale soko la madini Geita, tangu 2019, dhahabu inapimwa uzito na usafi ndo bei ipangwe. Kwa nini kwenye kompyuta tunakubali mng'ao?

Mtasema, "Lakini nesi, dukani iliwaka fasta." Iliwaka fasta kwa sababu ya SSD. Ipe video ya harusi ya saa mbili uone itakavyohema.

Mtasema, "Ya zamani ni rahisi." Sawa. Kama ni ya kuchapa barua na umeuziwa bei ya mtumba, sina ugomvi na wewe. Ila ujue Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na i7-2600 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika kwa Windows 11.

Kwa hiyo wewe unayeunga kompyuta yako ya kwanza, anza na kazi, siyo jina. Stesheneri na masomo: i3-12100 inatosha kabisa. Video: i5-12400 au Ryzen 5 5600G, zote viini 6. Halafu angalia herufi ya mwisho. Intel yenye F haina picha ndani yake. Bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi. Ryzen za 5000 ni kinyume, tafuta yenye G. Na uhakikishe ubao unaendana na prosesa kabla hujalipa chochote.

Hela utakayookoa weka kwenye RAM ya GB 16, SSD na UPS. Umeme wetu mnaujua, na kompyuta ya mezani haina betri.

Nenda dukani na namba kamili umeiandika kwenye karatasi. Muuzaji akikataa kukuonyesha namba ya prosesa yake, ondoka na hela yako. Hukumwibia mtu, usione aibu.