Mtoto wa jicho na mayungiyungi ya Monet

Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda kwenye lenzi ya jicho. Hauumi, wala haumpofushi mtu kwa usiku mmoja. Lenzi hugeuka polepole kuwa ya manjano, pengine hata ya kahawia, na rangi zinazoanza kufifia ni bluu na zambarau. Kwa msomaji wa gazeti huo ni usumbufu. Kwa mchoraji ni kunyang'anywa mtaji.

Claude Monet, Mfaransa aliyehamia kijiji cha Giverny mwaka 1883 na kuchimba huko bwawa la mayungiyungi, aliambiwa mwaka 1912 kwamba ana ugonjwa huo katika macho yote mawili. Alikuwa amevuka miaka 70. Upasuaji aliuahirisha kwa zaidi ya miaka kumi, na hofu yake haikuwa ya kitoto: rafiki yake Mary Cassatt, mchoraji Mmarekani aliyeishi Ufaransa, alipasuliwa macho baadaye bila kupata nafuu. Monet akaamua kujikongoja. Alivaa kofia pana kuzuia mwanga mkali, akasoma majina kwenye tyubu za rangi, akazipanga rangi zake kwa mpangilio usiobadilika ili mkono ujue pale ambapo jicho halijui.

Matokeo yanaonekana kwenye picha zenyewe. Daraja la Kijapani la bustanini kwake alilichora mwaka 1899 likiwa katika ubaridi wa kijani na bluu. Alipolirudia kati ya 1918 na 1924, lilizama katika wekundu na kahawia hadi ni vigumu kulitambua.

Wakati huo alikuwa na deni kubwa. Vita Kuu ilipomalizika mwaka 1918 aliahidi kuipa Ufaransa picha kubwa za mayungiyungi, na aliyemsukuma azimalize alikuwa Georges Clemenceau, waziri mkuu na rafiki yake, ambaye pia alisomea udaktari. Kufikia 1922 jicho la kulia liliona mwanga tu. Mwaka uliofuata Dkt. Charles Coutela alilipasua, kwanza mara mbili mwezi Januari, kisha tena Julai kwa sababu utando uliobaki ulikuwa umeziba njia ya mwanga.

Tiba ya siku hizo ilikuwa nusu tu ya tiba. Lenzi yenye ukungu ilitolewa na hakuna kilichowekwa badala yake. Mgonjwa alilazwa chali kwa siku kadhaa, macho yamefungwa, haruhusiwi kutikisika. Monet, mgonjwa mkaidi kupita kiasi, alijaribu kuzing'oa bendeji. Alipoanza kuona, alihitaji miwani minene iliyopindisha maumbo, na jicho lililopasuliwa halikuafikiana na lile jingine. Mara alilalamika kwamba kila kitu ni cha manjano, mara kwamba anaona bluu tupu. Miwani yenye lenzi za rangi ilimsaidia, na mwaka 1925 akarudi kazini kwa furaha. Jicho la kushoto alikataa katakata lisiguswe.

Wapo wanaodai kwamba ugonjwa huu ndio uliozaa uchoraji wa kisasa. Hilo ni kuyapa maradhi sifa isiyo yao. Monet alianza kuyeyusha maumbo katika mwanga zamani, macho yake yakiwa mazima, na uwezo wa kuona uliporejea alizirekebisha picha kadhaa na nyingine akaziharibu. Mtu aliyependezwa na alichokichora gizani asingefanya hivyo.

Alifariki Desemba 1926. Picha alizoahidi, zenye kimo cha karibu mita mbili, zilifunguliwa kwa umma Mei 1927 katika jumba la Orangerie, Paris. Lenzi bandia ya kupandikizwa ndani ya jicho, ambayo leo huwekwa kwa upasuaji usiochukua hata saa moja, iliwekwa kwa mara ya kwanza na Harold Ridley mjini London mwaka 1949.