Mtandio Umechorwa, Mwenyewe Hana Jina

Kila mwezi lazima peji fulani iposti ile picha: mwanamke Msomali wa zamani, shaash kichwani, kepsheni "Urembo wa Kaskazini". Laiki kibao. Uliza kwa komenti anaitwa nani. Kimya.

Wasee, tuongee ukweli. Mwaka 1882 Manet alimchora Méry Laurent kwa pasteli kule Ufaransa. Jina lake tunalo mpaka leo, na kofia yake pia. Sasa njoo kwetu. Joy Adamson (ndio, yule wa simba Elsa, aliyekutana na George hapa hapa Garissa Krismasi ya 1942) alipewa kazi na serikali ya kikoloni mwaka 1949, achore watu wa Kenya na mavazi yao ya kienyeji. Akachora mamia, kwa rangi za maji. Ushanga upo, mikunjo ya nguo ipo. Lakini kilichotakiwa ni mavazi, kwa hivyo nyingi zinazozunguka mtandaoni zina kabila tu. Msomali. Mborana. Basi.

Na shaash ni ya mwanamke aliyeolewa! Yaani mchoro wenyewe unakuambia huyu ni mke wa mtu, pengine mama ya mtu. Huenda mjukuu wake yuko Soko Mugdi sai anauza maziwa ya ngamia.

Utaniambia hata Ulaya maskini hawakuandikwa majina. Sawa, lakini wale hakuna aliyebaki wa kuwatambua. Wetu bado: msichana wa miaka 15 mwaka 1950 sasa amefika 90. Kuna ayeeyo anayeweza kuangalia ile sura aseme, walahi, huyu ni binti ya fulani. Ila picha ziko Nairobi, karibu kilomita 370, na ayeeyo hatapanda basi alipe kiingilio ndio aone shangazi yake ukutani.

Sisi watu wa skriningi ya 1989, watu wa vetingi ya kitambulisho iliyofutwa juzi tu 2025, tunajua vizuri kupigwa picha na mtu asiyetaka kukujua. Halafu tunawafanyia nyanya zetu hivyo hivyo, tena kwa laiki?

Makumbusho ya Taifa, leteni nakala Garissa. Sitaki fremu wala sherehe. Printi za kawaida, wiki mbili, wazee wapite waangalie. Na kando yao akae mtu na daftari, anayejua Kisomali na Kiorma.